Goti Kwenye Roboti Likitoa Namba za Ajabu: Anza na Mashine, Kisu Kiwe cha Mwisho

Mhandisi wa roboti akitoka kiwandani na kuingia maabara ya biomekanika ya mifupa, kitu kimoja hubadilika mara moja: anachokishika mkono wa roboti hakina kipuri. Goti lile limetoka kwa mtu aliyeridhia enzi za uhai wake kwamba mwili wake utumike katika utafiti. Liko moja tu, na ligamenti yake, yaani utepe unaounganisha mfupa na mfupa, ikishakatwa haiungiki tena. Ndiyo maana utatuzi wa matatizo katika kazi hii una mpangilio wake. Unaanza na vipimo visivyoligusa goti kabisa, unafuata vile vinavyoligusa bila kulidhuru, na kisu hakishikwi mpaka kila namba iwe imepata maelezo.

Jaribio ninalolizungumzia lilitoka Pittsburgh, Marekani, ambako Hiromichi Fujie na kundi la watafiti la Savio Woo walilieleza mwaka 1993. Fupa la paja linafungwa kwenye msingi usiotikisika. Mfupa wa muundi unafungwa kwenye mkono wa roboti wa viungo sita, na kati ya mkono na muundi kinakaa kihisi kinachopima kani tatu na momenti tatu, yaani nguvu za kuzungusha, kwa wakati mmoja. Goti linakunjwa, tuseme nyuzi 30, kisha roboti inausukuma muundi mbele kwa N 134 (nyutoni 134), mzigo uliozoeleka kwa sababu ni sawa na zile ratili 30 ambazo vipimo vya kliniki vya ulegevu wa goti hutumia. Wakati huohuo programu inasahihisha nafasi ili kani na momenti nyingine zikaribie sifuri. Njia iliyopitwa inahifadhiwa. Kisha ligamenti ya msalaba ya mbele, ile ambayo wapenzi wa mpira wanaijua kwa jina la ACL, inakatwa. Roboti inapita njia ileile, na tofauti ya kani kati ya safari mbili ndiyo iliyokuwa ikibebwa na ligamenti hiyo.

Ni wazo zuri mno, na lina sehemu nyingi za kuharibika.

Tengeneza goti bandia kabla ya yote

Vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa springi zenye ukakamavu unaojulikana, vikifungwa kwenye vishikizo vilevile vinavyoshika mifupa, vinatosha. ACL ya mtu wa miaka 22 hadi 35 ilipimwa na kundi la Woo mwaka 1991: ukakamavu wa takribani N 242 kwa kila milimita, na kukatika kwenye takribani N 2,160. Springi zako zisiwe laini sana kuliko ligamenti, la sivyo zitakuficha matatizo ambayo hujitokeza roboti inaposukuma kitu kikakamavu.

Goti bandia halichoki, halikauki na halitoki kwenye friza. Lolote la ajabu litakalotokea juu yake ni la mashine, la kihisi au la programu. Lipitishe kwenye jaribio zima siku ambayo kila kitu ni kizima, uhifadhi matokeo hayo, na ulirudie kila asubuhi ya siku ya kazi. Wapo wanaoona ni kupoteza muda kwa sababu goti la kweli linayeyuka mezani na saa zinakwenda. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Muda wa goti ndio wa kuchungwa, na njia ya kuuchunga ni kumaliza ugomvi na mashine kabla goti halijatoka kwenye mfuko wake.

Kihisi kinasoma kani wakati hakuna kilichoguswa

Naanza na dalili hii kwa sababu nyingine nyingi huzaliwa humu. Kabla ya kugusa chochote, jua namba inabadilika pamoja na nini: muda, mkao wa roboti, au mguso.

Kwa muda: simamisha roboti, funga breki zake, rekodi kihisi kwa nusu saa bila kugusa kitu. Namba ikitambaa upande mmoja kisha ikatulia, hilo ni joto. Ndani ya kihisi kuna vipande vidogo vya kupimia mkazo, na ukinzani wao wa umeme hubadilika kwa joto kama unavyobadilika kwa kani. Kiwashe mapema, kiache kipate joto lake la kawaida, ndipo uweke sifuri. Kiyoyozi kinachopuliza juu ya kihisi kihamishwe. Na kuna chanzo kimoja cha joto ambacho wengi hawakifikirii: saruji ya akriliki inayoshikilia mfupa kwenye kikombe cha chuma hutoa joto kali inapoganda. Ukifunga kikombe kwenye kihisi kikiwa bado na uvuguvugu, utakimbizana na sifuri mchana kutwa.

Kwa mkao: zungusha kishikizo kitupu polepole katika mikao mbalimbali. Namba zikibadilika na kurudi kila mkao unaporudi, programu haiondoi uzito wa kishikizo ipasavyo. Usidharau uzito huo. Kishikizo cha kilo 3 kinavuta karibu N 29. Kitovu chake cha uzito kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye kihisi, na kishikizo kikiwa kimelala, momenti ni karibu Nm 2.9, na jaribio la kuzungusha muundi kwa ndani mara nyingi hutumia Nm 5 tu. Zaidi ya nusu ya mzigo wako inaweza kuwa uzito wa chuma. Tiba ni kurekodi kihisi katika mikao kadhaa iliyo tofauti sana, kisha kukokotoa kwa pamoja uzito, kitovu chake na sifuri ya kweli ya kihisi. Halafu linganisha jibu na mizani ya kawaida. Hesabu ikikuambia kilo 3.4 na mizani ikasema 3.0, usiendelee. Mara nyingi utakuta kuna aliyeongeza skrubu ndefu, au alama ambazo kamera hufuatilia ili kujua mifupa iko wapi, na faili la uzito halikuguswa. Kikombe, saruji na kipande cha muundi navyo vina uzito. Vipime kabla ya kuvifunga, uviingize kwenye hesabu.

Kwa mguso: tafuta njia ya pili ya kani. Kihisi hupima tu kile kinachopita ndani yake. Waya wa kamera uliofungwa upande mmoja kwenye roboti na upande wa pili kwenye kishikizo, mpira mdogo unaoleta maji ya chumvi, hata plastiki ya kuzuia majimaji iliyofungwa kwa nguvu kupita kiasi, kila kimoja hubeba sehemu ya kani kikiizunguka njia halali. Dalili yake ni kani inayotokea kwenye pembe fulani tu ya kukunja na kupotea ukipita pembe hiyo. Simamisha roboti pale pale inapotokea, kisha pitisha karatasi kati ya nusu mbili za kihisi kuzunguka duara lote. Inapokwama ndipo penye mguso.

Ikiwa muda, mkao na mguso vyote vimeondolewa na bado kihisi kina mzigo mkubwa usiobadilika tangu kifungwe, legeza skrubu zake moja baada ya nyingine ukitazama namba. Uso usionyooka, au skrubu iliyo ndefu kuliko tundu lake, hukikandamiza kihisi hata kabla kazi haijaanza.

Unasukuma mhimili mmoja, mingine nayo inajibu

Tundika uzito unaojulikana kwenye goti bandia, ukivuta moja kwa moja chini. Ukiona kani ya pembeni ambayo haipaswi kuwepo, kuna uwezekano wa mambo matatu.

La kwanza ni faili la usawazishaji. Kila kihisi cha mihimili sita huja na jedwali lake la namba linalogeuza volti kuwa kani, na jedwali hilo ni la kihisi chenye namba ile ya usajili tu. Maabara yenye vihisi viwili vya aina moja huweza kubadilisha kimoja na kusahau faili. Linganisha namba iliyochongwa ubavuni mwa kihisi na iliyo ndani ya faili. Ni kazi ya dakika moja.

La pili ni kipande kimoja cha ndani kuzidiwa. Kila moja ya namba sita, kani tatu na momenti tatu, inakokotolewa kutoka kwenye volti za vipande vyote, kwa hiyo kimoja kikifika ukomo wake, majibu yote sita yanaharibika kwa pamoja, hata yale yanayoonekana ya kawaida. Hatari yake ni kwamba momenti huleta uzidifu kabla ya kani: mzigo uko ndani ya kiwango, ila umening'inia mbali na kihisi. Tazama volti ghafi. Mstari unaokatika tambarare juu, kana kwamba umepigwa rula, ni ukomo.

La tatu, na ndilo la kawaida zaidi, ni umbali uliokosewa kati ya kihisi na goti. Kihisi kinapima momenti mahali kilipo. Programu inaihamishia katikati ya goti kwa kutumia umbali uliopima wewe. Ukikosea milimita 5, kani ya N 134 inazaa momenti ya uongo ya Nm 0.67. Na kwa kuwa programu inajitahidi kuondoa momenti zote zisizotakiwa, itausokota muundi ili kuiua momenti ambayo haipo. Goti bandia linafichua kosa hili vizuri: sukuma sehemu ambayo unaijua kuwa ni kitovu, na momenti isiyo sifuri gawanya kwa kani. Jibu ni umbali uliokosea.

Kelele kwenye mawimbi

Zima mota za roboti ukiacha kihisi kikiwaka. Kelele ikiisha, inatoka kwenye viendesha mota: tenganisha waya za kihisi na za mota, na hakikisha ganda la waya limeunganishwa na ardhi kama mtengenezaji alivyoelekeza. Kelele ikibaki na ina mapigo ya Hz 50, au Hz 60 kama uko Marekani, ni umeme wa ukutani kupitia mzunguko wa ardhi. Chomeka vifaa vyote kwenye chanzo kimoja.

Wimbi la polepole lisiloelezeka ni kesi ngumu kidogo. Viendesha mota hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na ukisoma kihisi mara 250 tu kwa sekunde, kelele hiyo ya kasi hujivika sura ya wimbi tulivu. Chujio la ndani ya programu haliwezi tena kuitambua. Linahitajika chujio la umeme kabla ya namba kuzaliwa.

Roboti inatetemeka goti likikaribia kunyooka

Kwenye nyuzi 60 roboti ni tulivu kabisa. Inakaribia nyuzi 10 na inaanza kugugumia, kani zikiruka juu na chini, na mtu anakimbilia kitufe chekundu. Kitufe kibonyezwe, bila mjadala. Kisha tujadili.

Goti linapokaribia kunyooka, ligamenti zinakaza na mifupa inabanana, hivyo ukakamavu wa kiungo unapanda. Programu iliyokuwa ikisogeza roboti sehemu ya milimita kwa kila nyutoni ya kosa sasa inaleta badiliko kubwa la kani kwa mwendo uleule. Inavuka shabaha, inarudi, inavuka tena. Ukichanganya na ucheleweshaji, mambo yanazidi. Roboti nyingi za viwandani hupokea masahihisho kila baada ya milisekunde kadhaa, na kila chujio unaloongeza ili kutuliza kelele linaongeza ucheleweshaji wake. Hapa watu hukosea mwelekeo: wanaona mtetemo, wanakaza chujio, na mtetemo unaongezeka. Jaribu kinyume. Punguza kwanza geini, yaani ukali wa programu katika kusahihisha, kwa nusu. Mtetemo ukipungua, umepata kisababishi. Kisha weka geini inayobadilika kwa pembe: ya juu goti likiwa limekunjwa, ya chini likikaribia kunyooka. Springi kakamavu kwenye goti bandia zitakuwezesha kuipanga bila kuponda gegedu la mtu.

Ikiwa mtetemo hautofautiani kwa geini, tazama kasi za viungo vya roboti yenyewe. Kiungo cha tano kikikaribia sifuri, mihimili ya cha nne na cha sita inalala kwenye mstari mmoja, na mwendo mdogo wa kishikizo unadai mizunguko mikubwa ya ghafla kutoka kwa viungo hivyo viwili. Hakuna geini itakayotibu hilo. Funga msingi wa fupa la paja kwa mwinamo mwingine ili njia nzima ya goti ipite mbali na mkao huo. Lifanye kwenye kompyuta kabla hujachimba tundu hata moja.

Matege yasiyokuwepo

Grafu inaonyesha goti linaloegemea nje kadiri linavyokunjwa, nyuzi 4, 5, 6, kama la mwenye matege makubwa. Ukilitazama kwa macho limenyooka.

Tangu Grood na Suntay walipochapisha mfumo wao mwaka 1983, miendo ya goti huelezwa kwa mihimili mitatu: mmoja umefungwa kwenye fupa la paja na ndio wa kukunja na kunyoosha, wa pili umefungwa kwenye urefu wa muundi na ndio wa kuzunguka ndani na nje, wa tatu unaelea ukiwa mraba kwa yote miwili, na huo ndio wa matege na magoti yanayogongana. Mihimili hii inatokana na alama ambazo mtu alizigusa kwa kidole cha chuma cha kamera: vinundu viwili vya pembeni mwa fupa la paja, pande mbili za juu ya muundi, na kadhalika. Vinundu hivyo ni vilima vya mviringo, havina ncha. Watu wawili wakigusa goti moja watachagua nukta tofauti.

Mhimili wa fupa la paja ukikosewa nyuzi 5 kwenye ulalo, goti likifika nyuzi 90 utaona karibu nyuzi 5 za matege ya uongo. Kosa linakua kwa saini (sine ya trigonometria) ya pembe ya kukunja, na hicho ndicho kitambulisho chake: sifuri goti likiwa limenyooka, nusu kwenye nyuzi 30, kamili kwenye 90. Ulegevu wa kweli wa ligamenti za pembeni hauna sura safi namna hiyo. Gusa alama upya, afadhali mara kadhaa na kwa mikono ya watu wawili, uchukue wastani. Njia iliyo bora zaidi ni kulikunja goti polepole bila mzigo na kukokotoa mhimili ambao lenyewe linauzunguka.

Hapa pia ndipo makosa ya kulia na kushoto hujificha. Goti la kushoto ni kioo cha la kulia, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya kulia itauita mzunguko wa ndani mzunguko wa nje. Kabla ya kufunga mlango wa uzio, shika goti bandia, lizungushe kwa mkono kwenda ndani, uangalie alama ya namba. Fanya hivyo kwa mihimili yote sita. Angalia pia kama programu inaonyesha kani ambayo roboti inaupa muundi au ile ambayo muundi unairudishia roboti. Hizo mbili ni kinyume, na kila mtengenezaji ana mazoea yake.

Kani zinashuka kila unaporudia

Hatimaye tishu yenyewe. Unarudia njia ileile, na kilele cha kani kinapungua kila mara. Kama goti bandia asubuhi hiyo halikuonyesha mporomoko wowote, tuangalie mambo matatu, na umbo la mporomoko ndilo linaloyatenganisha.

Ukishuka haraka mwanzoni kisha ukatulia, huo ni utaratibu wa kawaida wa tishu laini. Ligamenti ikivutwa na kushikiliwa kwenye urefu uleule hulegea kidogo, na mizunguko ya mwanzo hutofautiana na inayofuata. Ipe mizunguko kumi ya maandalizi kabla ya kurekodi, kisha weka mapumziko ya muda uleule kati ya majaribio yote.

Ukishuka polepole na bila kukoma kwa saa nzima, shuku barafu. Sampuli huhifadhiwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ngozi inaweza kuwa laini ilhali katikati ya kiungo bado ni baridi na kakamavu. Goti liyeyuke usiku kucha, na kipimajoto chembamba kiingizwe kwenye misuli ya kina kabla ya kuanza. Ukavu wa tishu nao hubadilisha ukakamavu. Lifunike kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na uilowanishe tena kila inapohitajika, ukiangalia maji yasichuruzike kwenye kihisi.

Ukishuka kwa ngazi, ghafla, wakati mwingine kwa mlio mdogo, mfupa unateleza ndani ya saruji. Chora mstari mwembamba wa kalamu unaovuka kutoka mfupani kwenda kwenye saruji kabla ya mzunguko wa kwanza. Mstari ukivunjika katikati, hata kwa upana wa nywele, umeona kosa lako kwa macho. Kinga yake ni ya siku ya maandalizi: kwangua utando na mafuta kwenye mfupa mpaka weupe uonekane, ukaushe, upitishe skrubu mbili au tatu zinazokatizana mfupani ili saruji iwe na cha kushika. Na usisahau mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi. Ligamenti ya nje ya goti imejishika juu yake. Ukikata mguu chini bila kuufunga mfupa huo kwa skrubu kwenye muundi, upande wote wa nje utalegea na utadhani umegundua jeraha.

Umeshakata, na tofauti ni ndogo mno

Butler, Noyes na Grood waliripoti mwaka 1980 kwamba ACL hutoa wastani wa asilimia 86 ya upinzani wakati muundi unaposukumwa mbele. Ukipata asilimia 50 kwenye goti zima lenye afya, shuku mfumo wako kwanza.

Kisababishi ninachokitafuta mapema ni kupinda kwa roboti yenyewe. Enkoda za roboti zinasema viungo vyake viko wapi. Hazijui kama mkono umepinda. Chukua roboti ambayo pamoja na vishikizo vyake ina ukakamavu wa N 300 kwa milimita. Ikisukuma kwa N 134, inarudi nyuma karibu milimita 0.45 bila enkoda kujua. Baada ya kukata, kani kwenye njia ileile inashuka, tuseme N 20, na roboti inapinda milimita 0.07 tu. Kwa enkoda, safari mbili zinalingana kabisa. Kwa goti, safari ya pili imekwenda mbele zaidi kwa karibu milimita 0.38. Tishu zilizobaki zinavutwa kuliko mara ya kwanza, zinarudisha kani zaidi, na hesabu ya kutoa inaipunja ACL haki yake. Kwenye kitu chenye ukakamavu wa ACL, nusu milimita ni zaidi ya N 100, kwa hiyo kosa hili si dogo.

Kulithibitisha ni rahisi na hakuhitaji goti. Funga kipande kimoja kigumu cha chuma mahali pa goti, amuru kani hatua kwa hatua, rekodi mwendo wa enkoda. Chuma hakisogei, kwa hiyo mwendo wote unaouona ni kupinda kwa mfumo. Fanya hivyo katika mihimili yote na katika mikao itakayotumika, kwa sababu mkono ulionyooka hupinda kuliko uliokunjwa. Tiba ni kufunga alama za kamera kwenye pini zilizopigwa ndani ya mifupa miwili, na kurudia njia kwa kufuata mifupa badala ya enkoda. Kama huna kamera, fupisha vishikizo, vifanye vinene, na uingize kupinda kulikopimwa kwenye masahihisho ya njia.

Joto la roboti lina mchango wake pia. Roboti iliyoanza baridi asubuhi hupanuka ikifanya kazi, na safari ya mchana haipiti pale ilipopita ya asubuhi. Iache izunguke bila mzigo kabla ya kuanza, na kabla tu ya kukata, rudia njia ya goti zima mara moja zaidi. Kani zikifanana na za kwanza, kata. Zisipofanana, rudi juu kwenye dalili zilizotangulia.

Kosa likigunduliwa goti likiwa limeshakwisha

Hifadhi kila mara volti ghafi za kihisi, enkoda, nafasi za mifupa, joto na saa, hata kama zinajaza diski. Alama ya kulia na kushoto iliyogeuzwa kwenye grafu tu, au mihimili iliyochaguliwa vibaya kwa ajili ya kuripoti tu, inakokotolewa upya kutoka humo na goti linabaki halali.

Kosa lililokuwa ndani ya udhibiti ni jambo lingine. Ikiwa uzito wa kishikizo au umbali hadi katikati ya goti ulikosewa, roboti ilishaitii namba mbaya, na goti lilipita njia ambayo hukuikusudia. Kani ya ligamenti kwenye njia hiyo bado ni kani ya kweli kwenye njia hiyo, na unaweza kuiripoti hivyo, ukieleza mzigo halisi uliokokotolewa upya. Huwezi kuiita jibu la goti kwa N 134. Kipande cha kihisi kilichofika ukomo hakina cha kuokolewa. Mfupa ulioteleza unaokolewa pale tu pini zilipokuwa kwenye mifupa yenyewe na kamera ikarekodi wakati wote. Vinginevyo goti hilo linatolewa kwenye wastani, sababu ikiandikwa kwenye ripoti kwa jina lake.